Mjadala: Je, Roho za Wanafunzi Wetu Zimekuwa Nyepesi?

Siku ya proklamasyo, siku vyuo vinaposoma matokeo, Butembo haina haja ya kutangaziwa. Pikipiki zinashuka mjini zimebeba vijana watatu watatu, nywele na nyusi nyeupe kwa poda, wanaimba na kupiga kelele hadi mama wa sokoni wanasimama kuwapungia mikono. Hao wamepita. Walioanguka huwaoni. Wanarudi kwa vichochoro, na nguo zao ni zilezile walizovaa asubuhi, safi, zimepigwa pasi. Usafi huo ndio aibu yao: hakuna aliyewamwagia poda.

Siku hizo ndipo linaporudi swali ambalo wazazi na walimu wanaulizana: vijana wa chuo wa sasa wamekuwa na roho nyepesi? Mbona anguko moja linawavunja, na neno moja la mwalimu linawaliza? Nimewaketisha meza moja watu watatu. Hawana majina, kwa kuwa nimewatunga. Lakini wanayosema ni yale unayoweza kuyasikia Butembo na Beni ukitega sikio. Wa kwanza ni mwalimu wa chuo anayekaribia kustaafu. Wa pili ni binti wa Beni, yuko mwaka wa mwisho. Wa tatu ni mama anayeuza makayabo, samaki wa chumvi, sokoni, mwenye watoto wawili chuoni. Mimi nilibaki na kazi ya kumimina chai.

MWALIMU: Nianze mimi, kwa kuwa ndimi ninayelalamikiwa. Nilipoanza kazi hii, mwanafunzi akipata saba juu ya ishirini alirudi chumbani kwake, akafunga mlango, akafungua silabo. Baada ya wiki mbili alikuja kuniuliza maswali, na katika mtihani wa pili alipita. Leo akipata saba anakuja na mama yake. Ananiambia swali lilikuwa la mtego. Ananiambia nilimkemea mbele ya wenzake na tangu siku hiyo hapati usingizi. Kila mtu ana stresi, kila mtu ana traumatizimu. Wala si hapa tu. Wamarekani wawili, Greg Lukianoff na Jonathan Haidt, waliandika mwaka 2015 katika jarida la The Atlantic kwamba vyuo vyao vinadekeza vijana hadi hawawezi kusikia neno wasilolipenda. Mwaka 2018 wakalitungia kitabu. Nilipowasoma nikasema: kumbe ni ugonjwa wa dunia, na sisi umetufikia kwa simu.

MWANAFUNZI: Prof, nitajibu kwa heshima. Lawama hiyo ya Marekani nami nimeisoma. Wanasema vijana wa kule walilindwa kupita kiasi, hawakuachwa kucheza nje bila mtu mzima, kila jiwe liliondolewa njiani kabla hawajajikwaa. Sasa nipigie hesabu mimi. Nilizaliwa Beni mwaka 2004. Mauaji yalipoanza Oktoba 2014 nilikuwa na miaka kumi. Usiku wa mauaji ya Rwangoma, tarehe 13 Agosti 2016, nilikuwa na kumi na miwili. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kumi na minne. Ilipotangazwa kwisha, Juni 2020, ilikuwa imeshika watu 3,470 na kuua 2,287. Aprili 2021, wanafunzi wa shule za Beni walipokwenda kukaa na kulala mbele ya ofisi ya meya wakidai mauaji yakomeshwe, nilikuwa na kumi na saba, na kitenge cha mama cha kujifunika usiku. Ni nani aliyenidekeza, Prof? Nionyeshe huo mto laini nilioulalia.

MWALIMU: Binti yangu, umenipa silaha wewe mwenyewe. Kama mlipita katika hayo yote, basi mngekuwa wagumu kuliko sisi. Mtu aliyelala nje akidai uhai wa ndugu zake, saba juu ya ishirini itamfanya nini? Hapo ndipo ninaposhindwa kuwaelewa. Mti uliostahimili tufani unaangushwaje na upepo wa jioni?

Nilidhani binti angenyamaza. Swali lile lilikuwa zuri, na mezani kila mmoja alijua. Lakini aliyejibu alikuwa mama.

MAMA: Papa Prof, mimi shule yangu iliishia mwaka wa sita wa msingi, basi nitasema ya sokoni. Gunia la maharagi likijaa, unalishindilia kwa goti, unaongeza, unalishindilia tena. Kuna kikombe kimoja kitakachopasua mshono. Je, utasema kikombe hicho ndicho kizito? Gunia ndilo lilikuwa limejaa.

MWALIMU: Mama, lakini gunia halina akili. Mtu anayo.

MAMA: Anayo, na ndiyo inayomsumbua. Hebu nikuambie saba yako ni nini nyumbani kwetu. Mume wangu alikuwa na shamba la kakao upande wa Mbau. Tangu watu waanze kuchinjwa mashambani, haendi tena. Kakao inaiva, wanavuna wengine. Bei ya kakao ilipopanda hata mataifa wakashangaa, sisi tulisikia habari yake redioni. Kwa hiyo minervali, ada ya chuo ya hao watoto wawili, inatoka kwenye makayabo na kwenye likelemba, mchango wa zamu wa akina mama kumi na wawili. Zamu yangu ikifika napeleka pesa zote chuoni. Mtoto akianguka haanguki somo lake tu. Anaanguka na zamu yangu, na mama wale kumi na mmoja wanajua.

MWALIMU: Hilo nalijua, Mama. Na ndiyo maana mfumo umelainishwa. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 tumeingia LMD. Zamani tulikuwa na miaka mitatu ya gradua na miwili ya lisansi, na ukikwama ulirudia mwaka mzima. Sasa mwaka ni krediti 60. Zile ulizopata ni zako, hakuna wa kukunyang'anya, na ulizokosa unaweza kuzifuata huku unaendelea mbele. Mlango umepanuliwa. Mbona kilio kimeongezeka?

MWANAFUNZI: Kwa sababu mlango umepanuliwa kwenye karatasi, Prof. Kulipa deni la krediti kunahitaji mtu awe na mwaka mwingine wa kodi ya chumba, wa bugali, wa silabo. Lakini sitaki kujificha nyuma ya umaskini. Nijibu lile la mti na tufani. Unasema tulipita katika hayo. Nani alikuambia tulipita? Tuliyapita kama unavyopita barabara ya Beni na Butembo usiku: kilomita 54, huangalii pembeni, unataka tu kufika. Kufika si kupita mtihani. Nilipofika Butembo, nikapata chumba chenye kufuli, kimya, hakuna risasi, hapo ndipo nilipoanza kuota ndoto za Beni. Nilikuwa na nafasi ya kuogopa kwa mara ya kwanza. Mwili hausubiri ruhusa ya ratiba ya mitihani.

MWALIMU: Sisi tulifundishwa kujikaza. Mimi walinifundisha wazee waliosoma Chuo Kikuu cha Lovanium. Wale walikuwa chuma. Hukusikia mtu akisema ameumia.

MWANAFUNZI: Wa Lovanium, Prof? Tarehe 4 Juni 1969 waliandamana Kinshasa, na mojawapo ya madai yao ilikuwa basari, pesa ya kusomea. Jeshi likawafyatulia risasi, wakafa. Mwaka 1971 wenzao walitaka kuwakumbuka wale waliokufa. Kuwakumbuka tu. Rais Mobutu akafunga chuo, akawaingiza wanafunzi jeshini kwa nguvu, na vyuo vyote vikakusanywa kuwa chuo kimoja cha taifa. Wazee wako walilia, Prof. Waliadhibiwa kwa kulia. Walipokuja kukufundisha wewe walikuwa wamekwisha jifunza gharama ya kilio, wakakuita chuma kile ambacho kilikuwa woga.

Kimya kikaingia. Mwalimu alikoroga chai yake ingawa sukari ilikuwa imeyeyuka zamani.

MWALIMU: Sawa. Hilo nimelikubali, na si rahisi kwangu kulikubali. Lakini tazama tofauti. Wale walililia wenzao. Walitoka pamoja, wakaanguka pamoja, wakavalishwa magwanda pamoja. Na nyinyi wa Beni mbele ya ofisi ya meya, vilevile. Siku ile niliwavulia kofia. Ninacholalamikia ni kilio cha mmoja mmoja: alama yangu, jina langu, hisia zangu. Mji huu haukujengwa hivyo. Mwaka 1989, Askofu Emmanuel Kataliko alipoanzisha Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, serikali ilikuwa mbali na barabara ilikuwa tope. Nguvu za waamini, wafanyabiashara na walimu ndizo zilizokisimamisha. Hakuna aliyeuliza: mimi ninajisikiaje? Kilio cha pamoja hujenga. Kilio cha mmoja mmoja hudai tu.

MWANAFUNZI: Hapo nakupa haki nusu. Ninao wenzangu wanaotumia neno traumatizimu kama mwavuli wa mvua isiyonyesha. Mwalimu amekataa kazi iliyoletwa siku tatu baada ya muda, basi ni traumatizimu. Wananikera kuliko wanavyokukera wewe, kwa kuwa wanatumalizia imani. Siku mwenzetu wa Oicha anaposema kweli hawezi kuingia ukumbini, kwa sababu mlango mmoja tu na watu mia tatu vinamkumbusha kitu, anaambiwa: hata wewe umeanza?

MWALIMU: Haya, tumepatana.

MWANAFUNZI: Nusu, nilisema. Nusu ya pili ni hii. Si kila anayeitwa mwepesi ni mwepesi. Msichana akikataa mzaha wa mkubwa anayeshika alama zake, anaambiwa hana roho, hajui utani. Mgeni wa mwaka wa kwanza akikataa kubatizwa na wakubwa, kumwagiwa maji machafu na kupigishwa magoti, anaambiwa atashindwa maisha. Katika mambo hayo kuumia haraka ni kinga. Ngozi isiyosikia moto si ngozi ngumu, ni ngozi iliyokufa. Nyinyi mlivumilia mengi ambayo hayakustahili kuvumiliwa, Prof, na sasa mnatudai tuyavumilie kama urithi.

Mama alikuwa amekaa kimya muda mrefu. Akaweka kikombe chini.

MAMA: Mnapiga vita ya maneno mazuri. Mimi nina jambo moja. Ebola ilinishika, nikapona. Baada ya hapo nikafanya kazi katika nyumba ya watoto, hapa Butembo, pembeni ya kituo cha matibabu. UNICEF ilikuwa inazisaidia nyumba hizo hapa na kule Beni. Waliletwa watoto ambao mama zao walikuwa ndani ya kituo, au wamekwisha kufa. Walitakiwa kuangaliwa siku 21. Nani angewashika? Daktari alikuwa na magwanda ya plastiki na miwani. Mtoto akimwona anapiga ukelele. Nyanya wa mtoto alikatazwa kusogea. Sisi tuliopona ndio tulioweza kuwabeba bila kuogopa, kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umetupitia.

MWALIMU: Sikujua kama ulifanya kazi hiyo, Mama.

MAMA: Hukuuliza. Sasa sikiliza. Mimi nililia kila siku katika nyumba ile. Mtoto mmoja akifa, ninalia. Mmoja akipimwa akaonekana hana ugonjwa, ninalia pia. Kesho yake saa moja asubuhi niko kazini. Jioni tuliketi na dada mmoja wa kutusikiliza, mwanasaikolojia, tukasema yaliyotupata, tukaenda kwetu. Hakuna aliyetuambia tujikaze. Na hakuna aliyetuambia tusije kesho. Nyinyi mnabishana kama kulia na kufanya kazi ni barabara mbili. Mimi nilizipita zote mbili na mtoto wa watu mgongoni.

Baada ya maneno hayo mwalimu alisema jambo ambalo sikulitarajia, na naona ndipo mjadala wetu ulipogeuka.

MWALIMU: Ijumaa Kuu ya mwaka 2019, tarehe 19 Aprili, watu waliingia na bunduki katika Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben wakamuua Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani. Alikuwa kikaoni na wenzake, anajadili namna ya kuokoa watu wetu. Mji wote ulijua. Baada ya Pasaka niliingia darasani, nikafungua silabo pale nilipoishia, nikaendelea. Saa tatu nzima sikumtaja. Wanafunzi waliandika, hakuna aliyeinua kichwa. Nikajisemea: hawa ndio wanafunzi. Mtihani wa somo lile uliharibika vibaya, nikawaita wavivu. Tangu Mama aanze kusema nimekuwa nikijiuliza ni nini kilichokuwa kwenye yale madaftari.

MWANAFUNZI: Kama ungemtaja, Prof, hata dakika tano.

MWALIMU: Nisingewaongezea alama.

MWANAFUNZI: Hawakuomba alama. Aliyefanya vibaya amefanya vibaya. Walitaka kujua kama mtu mzima aliyesimama mbele yao alisikia risasi zilezile walizosikia wao.

MWALIMU: Nilizisikia.

MAMA: Basi tayari. Hilo tu ndilo ungewaambia mwaka ule.

MWALIMU: Lakini Mama, na wewe nikuulize. Mwanao alipoanguka, ulikwenda kwa dekani?

MAMA: Mkubwa aliniomba niende. Alilia usiku kucha. Nikamwambia: mwanangu, bugali nitakupikia, usiku nitakaa nawe, hata mwaka wa pili wa minervali nitautafuta. Ila kwa dekani siendi, kwa kuwa mtihani ulikuwa wako. Alininunia siku nne. Siku ya tano akaenda mwenyewe kuomba aonyeshwe karatasi yake. Akakuta kweli alikosea.

MWANAFUNZI: Na kama angekuta amedhulumiwa?

MAMA: Hapo ningekwenda. Tena na wale mama kumi na mmoja.

Tulicheka, na chai ikaisha. Lakini mwandishi hawezi kujificha nyuma ya birika, basi nitoe hukumu yangu.

Mwalimu ana haki kwamba chuo kinachoogopa kumwambia mwanafunzi ameshindwa kinamwibia. Daktari aliyepitishwa kwa huruma atamuua mgonjwa Lubero, na mhandisi aliyepitishwa kwa huruma daraja lake litabomoka mvua ya kwanza. Mzazi anayebeba alama za mtoto wake hadi ofisini anamfundisha kwamba miguu yake mwenyewe haitoshi. Hayo ni kweli, na vijana wayasikie bila kununa.

Lakini kusema kwamba kizazi hiki kimekosa ugumu ni kukosea hesabu. Kijana wa Beni aliyeingia chuo miaka hii amezika watu wengi zaidi ya walimu wake walipokuwa na umri wake. Ameanza kusema, na sisi tuliozoea kimya tunasikia maneno yake kama kelele. Kilichopungua ni mabega ya kuegemea. Babu yuko kambini Oicha, shamba lina wenyewe wengine, wajomba wametawanyika Kasindi na Kampala, na mtoto anapanga chumba peke yake katika mji wa baridi huku akituma ujumbe wa salamu kwa simu. Hata jandoni, huko kwa wazee, kijana hakuachwa peke yake porini na jeraha lake. Alikuwa na mtu wa kukaa naye. Tumechukua jeraha tukasahau mtu huyo, kisha tukashangaa mbona kidonda hakiponi.

Kwa hiyo saba ibaki saba. Wala isiguswe. Ila kila kitivo kiwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina na kwa mlango, ambaye mwanafunzi anaweza kumwendea kabla ya kufika kwenye kikombe cha mwisho cha gunia. Mji uliosimamisha chuo kikuu mwaka 1989 bila kuisubiri Kinshasa hauwezi kushindwa na kiti kimoja na saa mbili kwa wiki. Walimu, msiba ukiingia mjini, mtajeni aliyekufa kabla ya kufungua silabo. Wanafunzi, msiite traumatizimu kile ambacho ni uvivu, mwenzenu wa kweli asije akakosa wa kumsadiki.

Na wewe unayesoma, proklamasyo ijayo, pikipiki za poda zikishapita, tazama kichochoroni. Ukimwona kijana mwenye nguo safi anatembea kichwa chini, usimwambie ajikaze. Muulize kama amekula, umsindikize mpaka kwao.